Kuhesabu simu za wasomaji hakutaokoa magazeti yetu

MSOMAJI anayelipia gazeti la dijitali siku hizi hukumbana na masharti ambayo mnunuzi wa gazeti la karatasi hakuyajua kamwe. Akishatuma pesa kwa simu na kupewa akaunti pamoja na nywila, yaani neno la siri la kuifungulia, huelezwa kwamba akaunti hiyo ni yake peke yake, kwamba haruhusiwi kumkabidhi mwingine, na aghalabu kwamba inaweza kutumiwa kwenye idadi maalumu tu ya vifaa. Idadi hiyo ikizidi, mlango hufungwa. Ama yeye mwenyewe hukataliwa kuingia, ama aliyetangulia kuingia hutolewa ili yeye apate nafasi.

Wachapishaji husema kwamba hatua hii ni ya kuzuia wizi. Wasomaji nao hunung'unika kwamba ni uchoyo. Ukweli ni kwamba kila upande una hoja ya haki. Kasoro iko katika kipimo kinachotumiwa, yaani kuhesabu vifaa, na mahali pazuri pa kuiona kasoro hiyo ni hapa Kisumu na katika kaunti nyingine zinazopakana na Ziwa Victoria: Busia, Siaya, Homa Bay na Migori.

Tuanze na gazeti la karatasi, kwa kuwa ndilo lililotufunza desturi ya kusoma. Nakala inayosafirishwa usiku kutoka Nairobi, mwendo wa kilomita 350 hivi kwa barabara, haijapata kuwa mali ya jicho moja. Ikifika shuleni asubuhi, huanzia mezani kwa mwalimu mkuu, ikahamia kwenye chumba cha walimu, na kufikia saa za chakula cha mchana imekwisha kugawanyika: kurasa za michezo kwa huyu, za siasa kwa yule. Mwalimu wa Kiswahili hukata makala yenye msamiati mzuri akayabandika ukutani. Mwanafunzi mwenye bidii huomba zilizosalia. Siku mbili baadaye, karatasi ile ile huonekana sokoni ikifungiwa omena.

Nako kwenye fuo za wavuvi, kama Dunga, Usenge na Mbita, anayejua kusoma vizuri huwasomea wenzake wanaotengeneza nyavu, akitafsiri kwa Kijaluo pale inapobidi. Mjini, wapo wachuuzi wa magazeti wanaomruhusu mteja apekue kurasa kwa sarafu chache kisha airudishe nakala mahali pake. Jambo hili la kukodi gazeti si la Kenya pekee. Huko Addis Ababa, Ethiopia, limekuwa biashara inayojulikana kwa miaka mingi.

Isitoshe, kuchangia gazeti kuna historia ya heshima katika eneo hili. Mnamo mwaka wa 1947, Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa amefundisha Maseno, pamoja na wenzake waliandikisha kampuni ya Luo Thrift and Trading Corporation. Mtaji wake ulitokana na hisa ndogo ndogo za watu wa kawaida, na miongoni mwa shughuli zake za kwanza ilikuwa ni uchapaji. Humo katika miaka ya 1940 ndimo lilimochapishwa gazeti la Ramogi, ambalo Achieng' Oneko alikuwa mhariri wake. Tuzingatie mpangilio huo. Watu walichanga fedha kwa pamoja ili gazeti lipatikane, kisha wakalisoma kwa pamoja. Mchango na usomaji vilikuwa mambo mawili yaliyokwenda sambamba. Hakuna aliyedhani kwamba kusomewa na jirani ni wizi, wala hakuna aliyedhani kwamba mashine ya kuchapia hujiendesha bila gharama.

Wachapishaji wenyewe waliifurahia desturi hiyo. Kwa miongo mingi kampuni za magazeti, hapa Kenya na kwingineko ulimwenguni, zilipokwenda kutafuta matangazo ya biashara hazikujisifu kwa idadi ya nakala zilizouzwa tu. Zilijisifu pia kwa idadi ya wasomaji, ambayo kila mara ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu nakala moja ilipita mikononi mwa watu kadhaa. Utafiti wa hadhira ulifanywa ili kuthibitisha jambo hilo, na bei ya tangazo ikapandishwa kwa msingi huo. Kwa maneno mengine, mwalimu aliyempa mwenzake gazeti baada ya kulisoma alikuwa akiifanyia kampuni kazi ya bure. Leo mwalimu huyo huyo akimpa mwenzake nywila, huitwa mvunja masharti. Ni kipi kilichobadilika?

Kilichobadilika ni mlipaji. Zamani mwenye duka, benki au kiwanda ndiye aliyegharimia sehemu kubwa ya kazi ya mwanahabari, naye msomaji aliongeza kidogo tu. Magazeti yalipoanza kujitokeza kwenye intaneti mwishoni mwa miaka ya 1990, yaliwekwa humo bure kwa matumaini kwamba matangazo yangefuata. Matangazo yalikwenda mtandaoni kweli, lakini hayakwenda kwa magazeti. Yalikwenda kwa kampuni za Marekani kama Google na Facebook, ambazo haziajiri hata mwandishi mmoja wa kuhudhuria vikao vya bunge la kaunti ya Kisumu. Ndipo wachapishaji walipomgeukia msomaji. Nation Media Group ilizindua tovuti yake ya Nation.Africa mwezi wa Agosti 2020, na mapema mwaka wa 2021 ikaanza kudai malipo kwa baadhi ya habari zake. Kampuni nyingine nazo zikajaribu njia zake.

Si haki kuwalaumu kwa hilo. Atakayekuwa mlipaji mkuu wa gazeti ndiye atakayesikizwa kwanza na mhariri. Ikiwa msomaji hatalipa, basi atalipa mwingine, na huyo mwingine huenda akawa serikali. Mwezi wa Machi 2024, Wizara ya Habari ilipoziagiza idara za umma zipeleke matangazo yake kwa shirika la KBC, kila mwenye chombo cha habari cha kibinafsi alikumbushwa jinsi fedha za serikali zinavyoweza kutolewa leo na kuzuiwa kesho. Shilingi ya mwalimu wa Bondo au ya mwanafunzi wa Maseno ni ndogo, lakini haina bwana. Mhariri anayelipwa na wasomaji elfu kumi hawezi kutishwa na mmoja wao.

Hivyo basi, malalamiko ya wachapishaji yana uzito. Kila mwenye simu anajua kwamba kabla ya jua kuchomoza, magazeti mazima ya siku hiyo huwa yamekwisha kusambazwa katika makundi ya WhatsApp na Telegram, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, bila aliyeyaandika kupata hata senti. Uovu huu umeenea mbali. Huko India, mwezi wa Mei 2020, Mahakama Kuu ya Delhi iliiamuru Telegram iziondoe njia zilizokuwa zikisambaza gazeti la Dainik Jagran na kufichua waliokuwa wakiziendesha. Pia kuna akaunti moja inayotumiwa na ukoo mzima, kisha na marafiki wa ukoo, kisha na watu ambao aliyelipa hajapata kuwaona. Kumkopesha jirani gazeti lako ni ujirani mwema. Kulichapa upya na kuligawa mji mzima ni jambo jingine kabisa, na nywila iliyotawanywa ovyo inafanana zaidi na hili la pili.

Tena yuko mfano unaowatia wachapishaji moyo. Netflix, kampuni ya filamu ambayo mwaka wa 2017 ilisema hadharani kwamba kumpa mwenzako nywila ni dalili ya mapenzi, iligeuka mwezi wa Mei 2023 ikawaambia wateja wake katika mataifa zaidi ya 100 kwamba akaunti ni ya watu wa nyumba moja tu. Wengi walitabiri kwamba ingeporomoka. Badala yake ilipata mamilioni ya wateja wapya katika miezi iliyofuata. Mchapishaji akiuona mfano huo, ni vigumu kumzuia asiuige.

Hata hivyo, asiyeangalia tofauti hupotoshwa na mfanano. Anayekosa filamu hupata hasara ya burudani ya jioni moja. Anayekosa habari huziba pengo hilo kwa chochote kilicho karibu, na kilicho karibu ni uvumi. Uvumi hauna nywila, hauulizi una simu ngapi, wala haukatiki mwisho wa mwezi. Mnamo Novemba 2022 samaki waliokuwa wakifugwa kwenye vizimba katika upande wa Kisumu wa Ziwa Victoria walikufa kwa wingi, na wafugaji wakapata hasara kubwa. Mwenye kizimba alihitaji kujua mara moja: je, maji yamepungukiwa na hewa, au yametiwa sumu? Je, samaki waliosalia wauzwe au wasiuzwe? Vivyo hivyo mwaka wa 2020, na tena mwaka wa 2024, ziwa lilipofurika likameza nyumba, mashamba na shule za ufuoni. Katika siku kama hizo, tofauti baina ya habari iliyochunguzwa na porojo iliyotungwa si jambo la anasa. Ni tofauti baina ya kuhama mapema na kuchelewa.

Sasa tukichunguze hicho kipimo cha vifaa. Je, kompyuta ya mchapishaji huko Nairobi hujuaje kwamba simu yako ni ile ile ya jana? Kwa kawaida huacha alama ndogo ndani ya programu unayotumia kuperuzi intaneti, kisha huitafuta alama hiyo unaporudi. Ukiifuta alama, kwa makusudi au kwa kusafisha simu iliyojaa, wewe huhesabiwa kuwa kifaa kipya. Ukitumia programu mbili tofauti katika simu moja, unaweza kuhesabiwa mara mbili. Ukiingia katika duka la intaneti, lile tuliitalo saiba, kila kompyuta utakayokalia huhesabiwa peke yake, na kesho yake huenda ikahesabiwa tena kwa kuwa mwenye duka hufuta kila kitu anapofunga jioni. Kwa hesabu hiyo, mwanafunzi mmoja asiye na kompyuta yake mwenyewe, anayesoma leo kwa simu ya kakake, kesho katika maktaba ya chuo na keshokutwa katika saiba, huonekana kama genge la wezi, ilhali ni mtu mmoja aliyelipa kihalali. Tajiri mwenye simu, kompyuta na kishikwambi chake binafsi hasumbuliwi. Kanuni iliyokusudiwa kumkamata mdanganyifu humkamata maskini.

Wapo wanaodhani kwamba tatizo litatatuliwa kwa kuangalia mahali msomaji alipo, kama wafanyavyo wenye filamu. Nako pia kuna utata. Nyumba nyingi za Ulaya na Marekani zina waya wa intaneti uliofungwa nyumbani, na waya huo una anwani yake ya mtandaoni. Kwetu, watu wengi huingia mtandaoni kwa simu ya mkononi, na kampuni za simu huwaweka wateja wengi chini ya anwani moja, kisha huzibadilisha anwani hizo kila mara. Kwa hiyo mvuvi wa kisiwa cha Rusinga na mwalimu wa Homa Bay wasiojuana kabisa wanaweza kuonekana kuwa nyumba moja, ilhali mume aliye kazini Kisumu na mkewe aliye nyumbani Ugunja huonekana kuwa wageni. Na familia zetu zimejengeka hivyo: baba huku, mama kule, watoto katika shule za bweni. Kipimo kilichoshonwa kwa kufuata umbo la nyumba ya wengine hakiwezi kutukaa sawasawa.

Mahali ambapo kasoro hii huumiza zaidi ni shuleni. Katika shule zetu za upili za bweni, wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu za mkononi. Mamia ya vijana wanaofundishwa kuandika insha juu ya mambo ya kisasa hawana njia nyingine ya kulifikia gazeti la dijitali ila kupitia kwa mwalimu. Mwalimu akilionyesha ukutani kwa mashine darasani, ametumia kifaa kimoja na wamesoma watu 50. Mwalimu mwenziwe akifungua akaunti hiyo hiyo kwenye simu tano katika chumba cha walimu, wamesoma watu watano na amevunja masharti. Ni yupi aliyempunja mchapishaji zaidi? Kwa kuhesabu vifaa, wa pili ndiye mkosaji. Kwa kuhesabu macho, wa kwanza amemzidi mara kumi. Kipimo kinachotoa majibu ya namna hii hakistahili kuitwa kipimo.

Atatokea wa kusema: kila mmoja na alipe chake, mbona kila mmoja hujinunulia vocha ya simu? Hoja hii ni nyepesi kwa mdomo lakini haiwiani na hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme gazeti hutoza shilingi 300 kwa mwezi, na shule ina walimu 30 wanaotumia akaunti moja. Kampuni hupata shilingi 300. Sasa kampuni inafunga mlango kwa wale 29 waliosalia. Je, watalipa wote? Mwalimu mwenye karo ya watoto na mkopo wa chama cha ushirika atapima, na huenda wakalipa watatu au wanne tu. Kampuni itapata shilingi 1,500 na kupoteza wasomaji 25. Lakini shule ikiuziwa usajili wa pamoja kwa shilingi 3,000, kila mwalimu atachanga shilingi 100 tu, kampuni itapata mara mbili ya ilivyopata kwa kufunga mlango, na hakuna msomaji atakayepotea. Haba na haba hujaza kibaba. Wenyeji wa ufuo huu hawahitaji kufunzwa jambo hilo, kwani vikundi vya kuweka na kukopeshana, ambavyo kwa Kijaluo huitwa nyoluoro, huendeshwa kwa kanuni iyo hiyo.

Wala pendekezo hili si ndoto. Vyuo vikuu vyetu vimekuwa vikilitekeleza kwa muda mrefu katika upande wa majarida ya kitaalamu. Tangu mwaka wa 2003, muungano wa maktaba uitwao KLISC umekuwa ukikusanya michango ya taasisi wanachama na kununua kwa niaba yao haki ya kuyasoma majarida ambayo hakuna chuo kimoja ambacho kingeyamudu yote peke yake. Mwanafunzi aliyeketi katika maktaba ya chuo haulizwi ana simu ngapi. Hutambuliwa kwa sababu anatumia mtandao wa chuo kilicholipa. Huko ng'ambo, gazeti la Financial Times la London huziruhusu shule zilizojiandikisha ziwape wanafunzi wa umri wa miaka 16 hadi 19 pamoja na walimu wao nafasi ya kulisoma bila malipo, kwa kujua kwamba anayezoea gazeti akiwa kijana atalinunua akiwa mtu mzima. New York Times nalo, mwaka wa 2025, lilianzisha usajili wa familia unaowapa hadi watu wanne, kila mmoja kwa nywila yake, nafasi ya kusoma kwa malipo ya pamoja. Hata hao wakubwa wametambua kwamba kuwauzia watu wanaosoma kwa pamoja kuna faida kuliko kuwafukuza.

Kwa mintarafu hiyo, yapo mambo ambayo wachapishaji wetu yafaa wayatekeleze. La kwanza ni kuuza usajili wa shule, wa maktaba na wa vikundi, kwa bei iliyo wazi, unaolipiwa kwa M-Pesa kama kila kitu kingine nchini. Kikundi cha usimamizi wa ufuo, ambacho kimetambuliwa na kanuni za uvuvi tangu mwaka wa 2007 na ambacho tayari kina wanachama na hazina, kingeweza kujisajili kwa niaba ya wavuvi wake. La pili ni kuacha kuhesabu vifaa vilivyowahi kutumiwa, na badala yake kuangalia wangapi wanasoma kwa wakati mmoja. Kwa njia hii, mwanafunzi anayehama kutoka simu hadi kompyuta ya saiba hataadhibiwa, lakini nywila iliyosambazwa kwa watu 200 itajifichua yenyewe. La tatu ni kufungua kwa wote habari za dharura, kama vile mafuriko, maradhi ya kuambukiza na matokeo ya uchaguzi. Magazeti mengi ulimwenguni yalifanya hivyo mwaka wa 2020 ugonjwa wa korona ulipozuka, na hayakufilisika kwa sababu hiyo.

Serikali za kaunti nazo zisijifanye watazamaji. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziweka maktaba mikononi mwao. Maktaba isiyo na gazeti la siku hiyo ni ghala la vitabu tu. Kiasi kidogo cha bajeti ya kaunti kingetosha kuwapa wasomaji wa maktaba za umma za Kisumu, Siaya au Homa Bay usajili wa magazeti yote makuu. Lakini fedha hizo zitolewe kwa maktaba kwa niaba ya wasomaji, zisitolewe kwa gazeti kwa niaba ya gavana, maana tumekwisha kuona hatari ya mlipaji mwenye mamlaka.

Lipo pia swala la uwazi. Kifungu cha 46 cha Katiba humpa mnunuzi haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili afaidi kikamilifu kile alichokinunua. Ikiwa akaunti ina mpaka wa vifaa viwili au vitatu, msomaji aelezwe kabla ya kutuma pesa, kwa lugha anayoielewa na kwa maandishi yasiyohitaji miwani. Isitoshe, anayehesabu vifaa hana budi kukusanya habari za mwenye vifaa: aina ya simu yake, anwani yake mtandaoni, saa anazosoma na pengine mahali alipo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka akusanye zile tu zinazohitajika na amweleze mhusika sababu ya kuzikusanya. Katika nchi ambamo mtu anaweza kupachikwa msimamo wa kisiasa kwa sababu ya gazeti alilolishika mkononi, orodha ya mambo anayosoma mwalimu si kitu cha kuachwa kikizagaa.

Baada ya kuwaambia wachapishaji na serikali, itakuwa ni unafiki kunyamaza juu ya wajibu wetu wenyewe. Mwalimu anayewaonya wanafunzi wasinakili kazi ya wenzao katika mtihani, kisha asubuhi akawatumia walimu wenzake gazeti zima lililoibwa, anafundisha mambo mawili yanayopingana, na vijana hushika lile wanaloliona likitendwa. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaruhusu matumizi ya haki ya maandishi kwa ajili ya utafiti, uhakiki na mengine ya aina hiyo. Kunukuu aya ya makala ili darasa liichambue ni jambo linaloeleweka. Kusambaza kurasa zote kila siku hakumo katika ruhusa hiyo, hata kama anayesambaza hatozi chochote. Aidha, anayekabidhi nywila yake kwa kila aiombaye ajue kwamba ametoa pia nambari yake ya simu na kumbukumbu za malipo yake. Na ikiwa nywila hiyo ndiyo anayoitumia kwenye barua pepe na kwingineko, amewapa watu ufunguo wa nyumba nzima ilhali walimwomba kiti cha barazani tu. Mla cha mwenzake, chake nacho huliwa.

Jambo la busara kwa walimu ni kufanya kwa uwazi kile ambacho sasa hufanywa kwa kificho. Walimu wa shule moja, au shule kadhaa za tarafa moja, na wakubaliane idadi yao, wachange, kisha wamwandikie mchapishaji rasmi: tuko 30, tuna wanafunzi 600 wasioruhusiwa simu, tunataka kusoma gazeti lako, tuuzie. Barua moja itapuuzwa. Barua 100 kutoka shule za kando ya ziwa zitajadiliwa katika mkutano wa wakurugenzi, kwa sababu hakuna mfanyabiashara anayefumbia macho wateja wanaokuja na pesa mkononi. Wanafunzi wa vyuo nao, kupitia vyama vyao, wana uwezo wa kuzitaka maktaba zao ziyaweke magazeti ya nyumbani katika orodha ile ile ya majarida ya ng'ambo. Ni jambo la kushangaza kwamba msomi wetu anaweza kusoma bila kikwazo jarida lililochapishwa Uingereza, lakini akashindwa kusoma uchunguzi uliofanywa Kondele.

Wavuvi wa ziwa hili wameishi na kanuni za nyavu kwa muda mrefu. Wanajua kwamba nyavu yenye matundu madogo mno huzoa hata vifaranga, na anayeitumia hufurahia leo akajutia mwakani, kwa sababu samaki ambao wangekua amekwisha kuwaangamiza. Kikomo cha vifaa ni nyavu ya namna hiyo. Kinamkamata mwizi, ndiyo, lakini pamoja naye kinamkamata mwanafunzi wa leo ambaye angekuwa mnunuzi wa miaka 40 ijayo. Wachapishaji wana haki ya kulipwa, na wasomaji wana wajibu wa kulipa. Linalotakiwa ni bei na masharti yanayofuata jinsi watu wa huku wanavyosoma, nao tangu zama za Ramogi wamekuwa wakisoma pamoja.